Kitabu Ambacho Hakijawahi Kuandikwa

Mwanafunzi alinijia mezani na karatasi yenye vitabu vitano kuhusu ndege wanaohamahama. Aliiandika kwa mkono, safi kabisa: mwandishi, jina la kitabu, mwaka. Viwili nilikuwa navyo rafuni. Vitatu sikuviona kwenye katalogi yetu, wala kwenye WorldCat inayounganisha katalogi za maelfu ya maktaba duniani. Nikamuuliza orodha kaitoa wapi. Akasema kaiuliza programu ya akili mnemba. Kisha, kwa sauti ya mtu anayekuonea huruma: "Labda maktaba yetu ni ndogo tu, mwalimu."

Vitabu vile havikupotea. Havijawahi kuandikwa. Programu za namna hiyo hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, na jina la mtaalamu wa kweli likikaa kando ya jina la kitabu linalosikika vizuri, mtoto ataona wapi pa kutilia shaka? Mimi mwenyewe nilitilia shaka katalogi yangu kwanza.

Nimekuwa mkutubi wa shule tangu enzi za kabati la kadi. Maneno kwamba maktaba zimepitwa na wakati yalipoanza, nilijitetea kwa kuomba kompyuta. Zilipokuja nikafundisha kuwasha, kuchapa, kuhifadhi faili, nikajiona nafundisha ujuzi wa kidijitali. Watoto walikuwa wakinivumilia tu, maana hayo waliyajua kunishinda. Kwa hiyo kama unaanza leo kufundisha ujuzi huo, usianzie kwenye mashine.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi, na naona wengi bado wanalirudia. Nilitengeneza karatasi ya maswali kumi ya kupima tovuti. Ina mwandishi? Ina tarehe? Imeandikwa kwa lugha sanifu? Weka alama ya vema. Halafu nikawapa darasa tovuti ya pweza wa mtini, ule mzaha uliopo mtandaoni tangu 1998, unaodai kwamba kuna pweza wanaoishi juu ya miti katika misitu ya kaskazini-magharibi mwa Marekani na wako hatarini kutoweka. Tovuti ina picha, ina maelezo ya kisayansi, ina hata wito wa kuwaokoa. Kundi moja liliipa vema tisa kati ya kumi. Walikosoa rangi ya maandishi.

Lile karatasi langu lilikuwa linapima mavazi. Tapeli naye huvaa suti.

Nilichobadilisha nilikipata kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa 2017. Waliwakalisha watu 45 mbele ya tovuti: wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo 25, na wahakiki wa taarifa 10, wale ambao kazi yao ni kuthibitisha habari kabla hazijachapishwa. Wanahistoria na wanafunzi mara nyingi walibaki palepale kwenye ukurasa, wakiusoma kwa makini, na mara nyingi wakadanganyika. Wahakiki waliukimbia. Baada ya muda mfupi tu walishafungua kurasa nyingine pembeni kuuliza: hawa ni akina nani, na wengine wanasemaje juu yao?

Kwa mkutubi hilo si geni hata kidogo. Zamani mtoto akiniuliza kama kitabu fulani ni cha kuaminika, sikumwambia akikodolee macho. Nilimpeleka kwenye kamusi elezo, kwenye kitabu kingine, kwa mwalimu wa somo. Kazi ni ileile.

Sasa kipindi changu kina zoezi moja la dakika kumi na tano. Naonyesha kitu kimoja, na sheria ni kwamba hakuna kujibu kabla hujatoka nje ya ukurasa. Picha ya papa anayeogelea kwenye barabara iliyofurika huwachangamsha sana. Huibuka karibu kila kimbunga kikubwa kinapopiga Marekani, tangu 2011. Wakiitafuta kwa njia ya picha badala ya maneno, wanafika kwenye picha halisi iliyochapishwa 2005, ambamo papa yuleyule anamfuata mtu ndani ya mtumbwi huko Afrika Kusini. Acha wafike wenyewe. Ukiwaambia jibu umeua zoezi.

Kwa orodha za akili mnemba, tumia ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Namba hiyo ina tarakimu 13 tangu 2007, na ya mwisho hukokotolewa kutoka kwa zile 12 za mwanzo. Zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, endelea hivyo hadi ya mwisho, kisha jumlisha. Jumla isipogawanyika kwa 10, namba ni batili. Ikigawanyika, bado tafuta kitabu kwenye katalogi, kwa kuwa hesabu sahihi haileti kitabu duniani. Mwalimu wa hisabati atakupenda.

Kama intaneti ni ya kubahatisha, chapa kurasa za wavuti mapema uzibandike ukutani, watoto watembee kutoka moja hadi nyingine. Nenosiri na faragha navyo vinahitaji kipindi, ila kimoja kinatosha. Mimi huanza na ukweli kwamba simwambii mtu yeyote nani kaazima kitabu gani, halafu nawauliza programu za simu zao zinafanya hivyo pia? Hapo kelele huanza bila msaada wangu.

Yule wa ndege alirudi baada ya wiki mbili, safari hii si kwa ajili ya kitabu. Alisimama mbele ya bango lililokaa juu ya meza yangu miaka mingi, lenye maneno ya Einstein kuhusu samaki anayehukumiwa kwa uwezo wake wa kupanda mti. Amelitafuta, akasema, na hakuna ushahidi kwamba Einstein aliwahi kuyasema. Nikatafuta na mimi, mbele yake. Kweli hakuna. Tulilibandua pamoja, yeye akishika kiti, na alama nne za gundi bado ziko ukutani.