Wasomaji Wanauliza: Ligi na Makombe ya Japani

Mwezi huu tumepokea barua nne kuhusu soka ya Japani, na kwa kuwa zinagusana tumezijibu kwa pamoja.

Swali: Mhariri mpendwa, nilianza kuifuatilia Kashiwa Reysol kwa ajili ya kijana wetu Michael Olunga. Nimeambiwa kwamba timu hiyo ilikuwa ya kampuni ya Hitachi. Je, ni kweli kwamba ligi nzima ya Japani ilikuwa ya timu za kampuni, kama tulivyo hapa na Bandari, au majirani zetu na Mtibwa Sugar? Na mbona majina hayo ya kampuni hayaonekani leo? (Msomaji, Kisumu)

Jibu: Ni kweli. Hitachi ilikuwa miongoni mwa timu nane zilizoanzisha Ligi ya Soka ya Japani mwaka 1965, na wenzake walikuwa Toyo ya Hiroshima, ambao ndio watengenezaji wa magari ya Mazda, pamoja na Mitsubishi, Furukawa, Yanmar, Yawata, Toyota na benki moja ya Nagoya. Kabla ya hapo Japani haikuwa na ligi ya taifa. Timu zilikutana katika mashindano ya mtoano yaliyomalizika kwa siku chache, aliyefungwa akafunga virago, na mchezaji hodari angeweza kuumaliza mwaka bila kupata mechi nyingi za kumpima. Kocha Mjerumani Dettmar Cramer, aliyeletwa mwaka 1960 kuiandaa timu ya taifa kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, aliuona upungufu huo na akashauri iundwe ligi ya nyumbani na ugenini. Toyo walitwaa ubingwa misimu minne ya mwanzo mfululizo, na katika Olimpiki ya Mexico ya 1968 Japani ilipata nishani ya shaba kwa kuwafunga wenyeji 2-0, huku Kunishige Kamamoto akiwa mfungaji bora kwa mabao 7. Kamamoto huyo, aliyekuwa mwajiriwa wa Yanmar, alistaafu akiwa na mabao 202 katika mechi 251 za ligi.

Hata hivyo, mfumo huo ulikuwa na kikomo chake. Wachezaji walikuwa waajiriwa wa kampuni kwanza na wanasoka baadaye, na washabiki wengi uwanjani walikuwa wafanyakazi wenzao, kwa hiyo mkazi wa kawaida wa mji hakuwa na sababu kubwa ya kuiona timu hiyo kuwa ni yake. Baada ya Mexico, Japani haikufuzu tena Olimpiki katika soka hadi mwaka 1996. Klabu zake hazikuwa dhaifu kiasi hicho, kwani Furukawa ilitwaa ubingwa wa klabu za Asia mwaka 1986 na Yomiuri ikafuata mwaka 1987. Lakini majukwaa ya ligi ya nyumbani yalibaki matupu.

Ndipo akatokea Saburo Kawabuchi, mchezaji wa zamani wa Furukawa aliyefunga bao katika ushindi wa 3-2 dhidi ya Argentina kwenye Olimpiki ya Tokyo. Akiwa mwenyekiti wa kwanza wa ligi ya kulipwa, J.League, alishikilia kwamba kila klabu ijiite kwa jina la mji wake, iwe na timu za vijana na iwe na uwanja unaofaa. Yomiuri, ambao ni kundi la magazeti lililomiliki klabu ya Verdy, walipinga vikali kuondolewa kwa jina la kampuni, lakini msimamo wake haukubadilika. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Kashima, mji mdogo wa viwanda mkoani Ibaraki, ambao timu yake ya Sumitomo ilikuwa daraja la pili. Kawabuchi aliwaambia kwamba uwezekano wao wa kukataliwa ni asilimia 99.9999, labda wajenge uwanja wa soka uliofunikwa paa wenye viti 15,000. Inaelekea alitaka kuwakatisha tamaa kwa adabu. Wao wakaujenga, wakamleta Zico kutoka Brazil, na katika mechi yao ya kwanza ya ligi, Mei 1993, Zico alifunga mabao matatu na Nagoya wakalala 5-0. Hadi leo hakuna klabu ya Japani iliyotwaa mataji mengi kuliko Kashima Antlers.

Kwa hiyo kampuni hazikuondoka. Zilihamia nyuma ya pazia zikawa wamiliki na wadhamini. Urawa ni Mitsubishi ya zamani, Gamba Osaka ni Matsushita, Sanfrecce Hiroshima ni Toyo, na Kashiwa ni Hitachi. Kuhusu Olunga, kwa wasiojua: mnamo Novemba 2019 alifunga mabao 8 katika mechi moja, Kashiwa ikiifunga Kyoto 13-1 katika daraja la pili, na msimu uliofuata, tayari wakiwa daraja la kwanza, akafunga mabao 28 na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi.

Swali: Kipi kilitangulia, ligi au Kombe la Mfalme? Na kwa nini fainali yake huchezwa siku ya Mwaka Mpya? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Kombe la Mfalme, yaani mashindano ya mtoano ya Japani, lilitangulia kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1919 Chama cha Soka cha Uingereza kilituma Tokyo kombe la fedha kwa ajili ya bingwa wa Japani, ilhali Japani haikuwa na chama cha soka cha kumkabidhi mtu yeyote kombe hilo. Chama kikaundwa mwaka 1921, na mashindano yakaanza mwaka huohuo. Nchi nyingi huunda chama kwanza na kombe likafuata. Hapa zawadi ndiyo iliyozaa chama. Kombe lenyewe halikudumu, kwa kuwa wakati wa vita serikali ilikusanya vyuma na madini, nalo likachukuliwa mwaka 1945. Waingereza walitoa jingine la mfano wake mwaka 2011. Jina la Mfalme lilikuja baada ya vita: Mfalme Hirohito alihudhuria mechi mwaka 1947, kombe lake likatolewa mwaka uliofuata, na tangu 1951 linashindaniwa katika mashindano haya.

Kwa miongo mingi vyuo vikuu kama Keio na Waseda ndivyo vilivyotawala. Mwaka 1935 kombe lilikwenda kwa timu ya Seoul, kwa sababu Korea ilikuwa chini ya utawala wa Japani. Chuo kikuu cha mwisho kulitwaa kilikuwa Waseda, katika mashindano ya 1966, na walioshindwa katika fainali ni Toyo, mabingwa wa ligi. Katika kikosi cha wanafunzi hao alikuwamo Kamamoto tuliyemtaja juu, kabla hajaajiriwa Yanmar.

Fainali ilihamishiwa tarehe 1 Januari kuanzia mwaka 1969, siku ambayo nchi nzima imepumzika, na ikawa desturi iliyopendwa sana. Siku hizi, hata hivyo, tarehe hubadilika kalenda inapobana. Mwaka 2022, kwa mfano, fainali ilichezwa Oktoba kwa sababu ya Kombe la Dunia, na siku hiyo Ventforet Kofu ya daraja la pili ikaishinda Sanfrecce Hiroshima kwa penalti baada ya sare ya 1-1. Kofu walikwenda kucheza ligi ya mabingwa wa Asia wakiwa bado daraja la pili, na wakaongoza kundi lao.

Swali: Je, kuna ukweli katika habari kwamba bingwa wa kombe hilo aliwahi kuvunjwa siku ileile aliposhinda? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Uko, karibu neno kwa neno. Yokohama Flügels ilikuwa moja ya klabu kumi zilizoanzisha J.League. Mnamo Oktoba 1998 mmoja wa wadhamini wake wakuu aliishiwa uwezo wa kuendelea, na ikatangazwa kwamba klabu itaunganishwa na mahasimu wao wa mji uleule, Marinos. Wachezaji na washabiki walipata habari hizo wakati mambo yamekwisha kuamuliwa. Kilichobaki kilikuwa Kombe la Mfalme, ambalo kwa timu hiyo kufungwa mara moja kulimaanisha kufutika. Waliwaondoa Kashima katika nusu fainali, na tarehe 1 Januari 1999, wakitangulia kufungwa na Shimizu S-Pulse, wakarudisha bao na kushinda 2-1. Hawakucheza tena. Marinos waliongeza herufi F katika jina lao, jambo ambalo kwa maoni yangu halikumfariji mtu, na washabiki waliokataa muungano wakaanzisha klabu yao wenyewe, Yokohama FC, ambayo ilipanda hadi daraja la kwanza.

Swali: Imewezekanaje timu iliyoachwa pointi 15 ikawa bingwa wa ligi? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Unazungumzia mwaka 2016. Ligi ya Japani imebadili utaratibu mara nyingi: miaka ya mwanzo haikukubali hata sare, mechi ikiamuliwa kwa bao la dhahabu, yaani la kwanza kufungwa katika muda wa nyongeza, na kisha penalti, na kwa misimu mingi iligawanywa katika duru mbili, washindi wake wakikutana mwishoni. Utaratibu wa duru ulifutwa mwaka 2005, ukarudishwa mwaka 2015 kwa ajili ya mapato ya mechi za mwisho. Mwaka 2016 Urawa walimaliza na pointi 74 na Kashima 59, lakini Kashima walikuwa washindi wa duru ya kwanza. Katika fainali ya mechi mbili, Urawa walishinda ugenini 1-0, wakatangulia kufunga nyumbani, kisha wakafungwa 2-1 na kupoteza ubingwa kwa kanuni ya bao la ugenini: jumla ilikuwa 2-2, lakini Kashima walikuwa na mabao mengi zaidi ya ugenini. Duru zilifutwa tena mwaka uliofuata, na ni vigumu kumpata Mwurawa aliyezisikitikia.

Badiliko jipya linahusu msimu wenyewe. Desemba 2023 J.League iliamua kwamba kuanzia 2026 msimu uanze Agosti na kumalizika mwaka unaofuata, ili kulingana na kalenda ya mashindano ya Asia na kupunguza mechi za joto kali, huku yakiwekwa mapumziko ya majira ya baridi kwa ajili ya klabu za mikoa ya theluji.