Dawa ya mbwa kwa paka mzee mwenye vidonda

Umeuliza kama paka wako mzee wa ndani, mwenye vidonda na vipele vyenye magamba shingoni na kiunoni, anaweza kupakwa kidogo dawa ya viroboto ya mbwa. Hapana, dawa ya viroboto ya mbwa asipakwe paka hata kwa kipimo kidogo, kwa kuwa nyingi zina pemethrini, sumu ya kuua wadudu ambayo ini la paka hushindwa kuivunja, naye huanza kutetemeka, kutokwa na mate na hata kupata degedege. Ikiwa umeshampaka na bado ametulia, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii. Akishaanza kutetemeka, mpeleke moja kwa moja. Vile vipele vyenye magamba shingoni na kiunoni mara nyingi ni mzio wa mate ya kiroboto, na paka mwenye mzio huo hujikuna mpaka akatoka vidonda kwa kuumwa mara chache tu. Kukaa ndani hakumkingi, maana viroboto huingia na nguo zetu, na joto lenye unyevu la hapa Mombasa huwazalisha mwaka mzima (paka wangu wa miaka 14, asiyevuka kizingiti, ndiye aliyenifunza hilo). Kwa hiyo fua matandiko na uanike mikeka juani. Kidonda kisichopona hata viroboto wakiisha, hasa masikioni au puani kwa paka mweupe, kipimwe, kwani huenda ikawa saratani.