Hadithi ya Kutisha Haihitaji Mbuyu

Juzi, baada ya hadithi yangu kutoka jaridani, msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, mimi nimezaliwa mjini, nimekulia mjini. Sina mbuyu, sina makaburi ya mababu. Nitaandika nini cha kutisha?"

Mdogo wangu, swali lako limenigusa pabaya. Hadithi hiyo hiyo mnayonipongezea kuna mhariri aliwahi kuikataa. Jina lake nalihifadhi. Alinijibu kwa sentensi moja tu, kwamba nyumba mpya yenye vigae haimtishi mtu. Hadithi imetoka vilevile ilivyokuwa, na vigae vyake.

Ujasiri wa kutoibadilisha niliupata kwenye kitabu chakavu nilichonunua kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam. Ni vile vitabu vya Kimarekani vya bei rahisi, vya kuingia mfukoni. Kurasa zimegeuka rangi ya chai na gundi ya mgongoni imekatika, ukikifungua vibaya sura nzima inabaki mkononi. Kinaitwa The House Next Door, cha Anne Rivers Siddons, cha mwaka 1978.

Msimulizi, Colquitt Kennedy, anaishi na mumewe Walter mtaa wa wenye nazo, Atlanta. Kazi nzuri, bustani, majirani wa kunywa nao jioni. Pembeni yao pana kiwanja chenye miti, kimekaa vibaya kiasi kwamba wote wanaamini hakijengeki. Mara anatokea msanifu majengo kijana na ramani yake. Nyumba inasimama, na ni nzuri hasa! Hakuna aliyewahi kufia pale. Lakini familia zinahamia moja baada ya nyingine, na kila moja inaondoka imevuliwa nguo mbele ya mtaa mzima.

Kuna mama mmoja, Anita Sheehan, mwanawe alikufa Vietnam kwenye helikopta. Ndani ya nyumba ile anatazama runinga, na kinachoonekana ni helikopta inayoungua na mwanawe ndani. Basi. Hakuna jini wala jeneza. Niliposoma pale nilikwenda kuchomoa waya wa runinga yangu, nayo ilikuwa imezimwa.

Siddons hakuwa mtu wa vitisho. Sifa zake alizipata kwa riwaya za maisha ya Kusini mwa Marekani, na Atlanta aliishi. Aliwajua wale watu: wanachojivunia, wanachoficha, na jinsi wanavyomtenga mtu huku wakimpelekea keki. Stephen King, mwandishi wa Kimarekani ambaye kwa hadithi za kutisha hana wa kumfundisha, alikichambua kitabu hicho kwa kirefu katika Danse Macabre, kitabu chake cha 1981 kuhusu hadithi hizo.

Kwa hiyo ushauri wangu: andika unapopajua. Kama ni nyumba za mkopo zenye fensi na mlinzi anayesinzia, andika hizo hizo. Jiulize jirani yako anaogopa nini zaidi ya kifo. Mara nyingi ni aibu: makato ya benki yaliyomshinda, binti aliyerudi nyumbani usiku na mabegi. Hapo ndipo pa kumwingizia mzimu wako. Na narudia, andika unapopajua.

Ila vijana hamsomi. Mnataka kuandika vitabu ambavyo ninyi wenyewe msingevinunua. Mnakesha kwenye simu, halafu mnanilalamikia kwamba wahariri wana upendeleo. Wanao, nani asiyejua? Nenda Posta kwanza, piga magoti kwenye lile turubai la vitabu, chambua mpaka vumbi likupalie. Ukishaandika nitumie kurasa zako tatu za mwanzo, nitazisoma. Nikikuta paka mweusi kwenye ukurasa wa kwanza, naishia hapo hapo.