Ndege ya upelelezi hufanya kazi gani hasa?

SWALI: Shikamoo mzee. Kila vita ikitajwa kwenye taarifa ya habari nasikia "ndege ya upelelezi". Mjomba anasema ni ndege ya kivita kama nyingine, wameipa jina la kistaarabu tu. Ni kweli? Na droni inayopiga picha harusini nayo ni upelelezi?
– Msomaji, Soweto, Moshi

JIBU: Marahaba binti yangu. Mjomba msalimie sana, ila hapo kachanganya.

Upelelezi wa anga wa kijeshi ni kumtazama adui kutoka juu na kumfikishia kamanda habari zake: yuko wapi, ana silaha gani, anaelekea wapi. Ndege yenyewe si lazima iwe na hata risasi. U-2 ya Marekani, iliyoanza kuruka mwaka 1955, ilibeba kamera mahali pa mabomu na kupanda kilomita 20 na zaidi, kimo cha Kibo mara tatu na chenji. Doria ni kitu kingine: doria hulinda eneo, upelelezi hutumwa kutafuta jibu.

Kisa ninachokipenda kimetokea humuhumu nchini. Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji, imefunikwa matawi. Ukiwa baharini unaona mikoko tu. Ilibidi ndege ziruke juu ndipo ijulikane imelala wapi. Julai 1915 Waingereza wakaingiza mtoni meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey. Wapiga mizinga hawakuwa wakikiona wanachokipiga! Mtazamaji aliyekuwa angani ndiye aliyewarekebisha kwa redio, kombora baada ya kombora: limepita, limepungua, sogezeni. Tarehe 11 ndege ikapigwa, injini ikafa, na huku inashuka jamaa bado anatuma marekebisho. Ikaangukia mtoni, yeye na rubani wakatoka hai. Königsberg ikaishia hapo. Mizinga yake iling'olewa ikapigana nchi kavu, na mmoja ulifika hadi Kahe, jirani zenu, mwaka 1916.

Kwa hiyo kuruka ni nusu ya kazi, na kwa maoni yangu ndiyo nusu nyepesi. Nusu ya pili iko mezani. Mimi sikuwa mwanajeshi. Nilikuwa mtu wa ramani hapa Arusha, lakini picha za anga tulizisoma kwa njia ileile. Unachukua picha mbili zilizopigwa kwa kufuatana, zinazopandiana kama asilimia 60, unazilaza chini ya stirioskopu, kifaa cha lenzi mbili kinacholipa kila jicho picha yake, na Mlima Meru unakuinukia usoni, kreta na yote. Zigeuze vivuli vikuelekee wewe. Ukiviacha viende upande wa pili, macho yanadanganyika: bonde linakuwa kilima. Kivuli pia hutoa urefu wa kitu, ukijua saa picha ilipopigwa. Oktoba 14, 1962 U-2 ilipita juu ya Cuba ikarudi na picha 928. Waliogundua makombora ya Kisovieti ni watu walioinamia meza na kupima urefu wa vitu vilivyolala shambani, na tarehe 16 Rais Kennedy akaletewa habari.

Droni ya harusini si upelelezi, ni mpiga picha aliyepanda juu. Ila droni hiyohiyo ikipelekwa kutazama handaki la adui, imekuwa ndege ya upelelezi, hata kama haizidi sinia. Kinachotazamwa ni kazi, si umbo.

Ukitaka kuonja kazi ya mezani, piga picha ya mgomba ulio mbele ya ukuta kwa simu, sogeza simu kulia kiasi cha upana wa vidole vinne, piga tena. Zichapishe ndogondogo, ya kushoto ikae kushoto, simamisha kadi katikati yake na kila jicho litazame picha yake. Usikazie macho, yalegeze kama unatazama mbali. Mara ya kwanza yatachoka. Pumzika, jaribu tena, hadi jani la mbele liachane na ukuta.