Watoto 132 chumba kimoja: anzeni na ikama

Pole dada uliyeuliza mfanyeje na darasa la mwanao. Watoto 132 wa darasa la pili kwa mwalimu mmoja ni wengi mno, na huo ndio umri wa kujifunza kusoma. Kiwango cha shule za msingi Tanzania ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, kwa hiyo hapo panatakiwa mikondo mitatu.

Kupitia kamati ya shule, mwombeni mwalimu mkuu awaonyeshe ikama, yaani orodha ya walimu wanaotakiwa na waliopo shuleni. Kisha hesabuni walimu wanaoingia darasani kweli. Aliye masomoni au aliyeazimwa shule nyingine huweza kubaki kwenye orodha, na hapo upungufu huonekana mdogo kwenye makaratasi. Idadi zote mbili ziingie kwenye muhtasari wa kikao, uende kwa Afisa Elimu Kata, nakala kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Ombeni kwanza mwalimu ahamishwe kutoka shule nyingine ndani ya halmashauri; ajira mpya huchelewa.

Zamu mbili zinasaidia kama kinachopungua ni vyumba. Kama ni walimu, mtamchosha yule yule.

Mkitaka mwalimu wa kujitolea, msichangishe kabla ya kibali cha maandishi, na mtoto yeyote asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango.

Mwanao akimaliza muhula bila kuunganisha silabi, apimwe macho na masikio hospitalini. Kwenye msongamano huo mwalimu hawezi kugundua.