Kengele ya gesi inayolia bila gesi

SWALI: Nimefunga sensa ya MQ-6, ya kunusa gesi ya kupikia, jikoni juu ya dirisha, na kuiunganisha na Arduino (kompyuta ndogo ya kuongoza vifaa) ili ipige kengele. Nikiiwasha hulia dakika kadhaa. Ikishanyamaza, hulia tena mtu akifuta meza kwa spiriti. Lakini nilipofungulia mtungi kidogo kuijaribu, kimya! Ni mbovu? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwanza, usijaribu tena kwa mtungi. Tumia kiberiti cha gesi: bonyeza bila kuwasha, sekunde moja, sentimita chache kutoka kwenye sensa, na pasiwe na moto karibu.

Sensa yako haitambui gesi kwa jina. Ndani mna chembe za oksidi ya stani zinazopashwa moto hadi nyuzi mia kadhaa. Kwa joto hilo oksijeni ya hewani huzigandia na kuzinyang'anya elektroni, hivyo umeme hupita kwa taabu, hasa chembe zinapogusana. Propani na butani, yaani gesi za mtungini, zikifika huungua na oksijeni hiyo hiyo, elektroni zikarudi, ukinzani ukashuka. Mvuke wa spiriti nao huungua vilevile, ndiyo maana kengele hulia.

Kelele za mwanzo ni za chembe zilizolala baridi na unyevu. Sensa mpya iache kwenye umeme saa 24. Baada ya hapo, programu ipuuze dakika 3 za kwanza kila unapowasha. Waya wa joto una omu 33 hivi, yaani hula miliampia 150 kwa volti 5. Pini ya kawaida ya Arduino haiwezi mzigo huo. Chukua umeme kwenye volti 5 za adapta.

Kimya chake kina sababu mbili. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, nawe umeifuata dirishani! Ishushe hadi sentimita 30 kutoka sakafuni. Kisha tazama rezista ya mzigo kwenye kibao cha sensa, ile inayogawana volti 5 na sensa huku Arduino ikisoma fungu lake: vingi huja na iliyoandikwa 102, yaani kiloomu 1. Tuseme sensa ina kiloomu 100 kwenye hewa safi na 10 penye gesi: utasoma volti 0.05, kisha 0.45 tu. Weka kiloomu 20, utaona 0.83 ikipanda hadi 3.33.

Ukiziba sinki kwa silikoni, itoe sensa jikoni mpaka ikauke. Mvuke wake huacha utando juu ya chembe, na sensa iliyofunikwa hivyo ni ya kutupa.