Chuo kina paa, mtaa una moshi: majibu kwa wasomaji wa Mwanza

Barua za safari hii kuhusu umeme, sola na jiko nyingi zimetoka kandokando ya vyuo: Malimbe, Sweya, Mkolani, Bugando. Nimezifurahia. Lakini lipo swali linalonifikia kila mwezi bila namba hata moja ya matumizi ya umeme, kwa hiyo naanza nalo.

Nina nyumba ya vyumba sita, nimepangisha wanafunzi. Nifunge paneli ngapi za sola? (Mwenye nyumba, Mkolani)

Halijibiki namna hiyo. Umeniambia idadi ya vyumba, na vyumba havili umeme. Andika salio la uniti lililo kwenye mita yako ya LUKU leo jioni, kesho saa ile ile andika tena, endelea wiki nzima. Ukipata wastani ndipo tuzungumze. Kwa jua letu, paneli ya wati 400 ihesabie uniti moja na nusu kwa siku ya kawaida, ukishaondoa joto, vumbi na kinachopotelea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika nyumbani. Siku za mvua itakupa pungufu.

Halafu jiulize umeme huo unatumika saa ngapi. Wanafunzi wanarudi jioni, wanapiga pasi usiku, wanachemsha maji kwa koili saa tatu usiku. Maana yake ni betri, na betri ndiyo itakayokula fedha zako kuliko paneli. Zungumza kwanza na wapangaji wako kuhusu hizo koili. Nimeziona waya zilizoungua ndani ya kuta za nyumba za kupangisha, na hakuna sola inayotibu waya mbovu.

Shikamoo mzee. Tuko mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme. Tunatafuta mradi wa kumalizia chuo utakaowafaa watu wa mtaani. (Wanafunzi watatu, Malimbe)

Marahaba wanangu. Swali lenu ndilo nililolisubiri.

Msilete tena chaja ya simu ya sola. Inapendeza siku ya maonyesho, ikiisha inawekwa kabatini. Chukueni daftari na mita ndogo za kupimia umeme kwenye soketi, zile ambazo maabara ya umeme haikosi, mtoke nje ya geti. Nendeni kwa mama lishe, saluni, mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea mageti, muuza samaki mwenye friji mbili. Pimeni kila mmoja anatumia nini kwa siku, saa ngapi, na analipa kiasi gani kwa umeme, gesi, mkaa na kuni. Kazi hiyo ikifanywa kwa uangalifu katika mtaa mmoja tu, mwenyekiti wa mtaa atakuwa na kitu cha kupeleka halmashauri badala ya maneno matupu. Mfanyabiashara naye hatauziwa mtambo usiomfaa, kwa sababu atakuwa na namba zake mkononi.

Mkitaka la ziwani, shukeni Mwaloni Kirumba. Wavuvi wa dagaa wengi wameacha karabai za mafuta ya taa na kushika taa za LED zenye betri. Waulizeni betri zinadumu muda gani na zikifa zinatupwa wapi. Mvuvi ambaye betri imemzimikia katikati ya usiku atarudi kwenye karabai, nami simlaumu. Kupima betri hizo, kutenganisha seli nzima na zilizokufa, kufundisha vijana wa mwaloni kuzitengeneza: huo ni mradi, na utabaki hata ninyi mkishahitimu.

Kupikia umeme ni kwa matajiri. Mkaa ni nafuu, mbona mnatusumbua? (Mama lishe, Mkuyuni)

Mama yangu, tupige hesabu. Aliye kwenye daraja la kawaida analipa takribani shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi. Maharage ya kilo moja kwenye presha kuka ya umeme hayamalizi uniti moja, maana likishapata presha jiko linajikata lenyewe na kuwaka kidogo kidogo. Sasa weka mezani fedha ya mkaa unaounguza kuivisha maharage hayo hayo kuanzia alfajiri. Usinisadiki mimi, pima kwa siku tatu.

Ugali wa watu sitini ni jambo jingine. Hapo presha kuka haikufai, tumia gesi, na chapati vilevile. Sikuambii utupe jiko la mkaa kesho. Nakuambia maharage, makongoro na kande uviondoe kwenye mkaa, kwa kuwa ndivyo vinavyomaliza gunia.

Lipo jambo linaloniuma, nalisema ingawa hukuliuliza. Mwenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Akianza kupikia umeme anavuka 75 na nafuu ile inamponyoka. Tunamhimiza mama aache mkaa, kisha tunamtoza zaidi kwa kuuacha. Wanaopanga bei walitazame hili. Vyuo vyenye wachumi viwaandikie hesabu yake, kwani mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wafike huko.

Na tafadhali, mvua ikinyesha usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga mlango. Gesi yake haina harufu, na inaua watu wamelala.

Umeme wa TANESCO si unatoka kwenye maji? Tunasafisha nini tena? (Igoma)

Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni la megawati 2,115, na lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Kwa hiyo uko sahihi kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana nasema jikoni kwanza. Panda Bugando jioni utazame Igogo na Mabatini: moshi ule hautoki kwenye nguzo za umeme.

Nimesoma kwamba chuo kimoja Marekani kinapoza majengo kwa maji ya ziwa. Sisi wenye Ziwa Victoria tunashindwa nini? (Mhitimu, Capri Point)

Ni Cornell, na wanafanya hivyo tangu mwaka 2000. Wanavuta maji ya Ziwa Cayuga kutoka kina cha mita 70 na zaidi, ambako yana nyuzi 4 hivi za Selsiasi mwaka mzima, yanapokea joto la majengo na kurudi ziwani. Ziwa letu halina baridi hiyo. Hata chini kabisa, kwenye kina cha mita kama 80, maji yana zaidi ya nyuzi 20. Ukiyapitisha darasani hayatapoza mtu.

Cha kuiga ni kingine. Bomba lile linapoza pia shule ya sekondari ya mji wa Ithaca. Chuo hakikujenga chake peke yake na kufunga geti. Ukitaka mfano wa karibu wa chuo kinachojizalishia umeme, nenda Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, ukaone paneli za kilowati 600 walizofunga juu ya mapaa mwaka 2014.

Magugu maji yanaweza kutoa gesi ya kupikia? (Luchelele)

Yanaweza, yakikatwakatwa na kuchanganywa na samadi. Ila zaidi ya asilimia 90 ya gugu ni maji, kwa hiyo utabeba mzigo mkubwa upate gesi kidogo. Mabaki ya jikoni ya bwalo la chuo yana faida zaidi.

Nafanya kazi ofisi ya majengo ya chuo, usinitaje. Tuna fedha kidogo. Tuanzie wapi?

Pampu na jiko. Mji wetu ni wa vilima na mawe, na maji yote lazima yasukumwe juu. Fungeni sola isukume maji mchana hadi tenki la juu, usiku yashuke yenyewe. Tenki la maji linafanya kazi ya betri, tena haliishiwi nguvu baada ya miaka mitano. Na kama geti limepakana na zahanati au shule ya msingi isiyo na maji ya uhakika, wekeni mpira wa pili uende huko tangu siku ya kwanza, maana baadaye mtaambiwa bajeti imefungwa.

Jiko halina mjadala. Serikali ilishapiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku. Chuo kinachofundisha mazingira huku nyuma ya bwalo kuna rundo la magogo kinawafundisha wanafunzi kutokuamini kinachosemwa darasani.

Paneli zielekee wapi? (Buswelu)

Kaskazini, zikiinama nyuzi kama 10 ili mvua ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Angalia kivuli cha jiwe au mwembe saa tatu asubuhi na saa kumi jioni kabla fundi hajatoboa bati. Na bati likiwa limelowa, asipande.